Wakristo wanapotuita tuzungumze, wanataka nini kwetu?

Jioni moja baada ya sala ya isha tulikuwa tumeketi barazani Mji wa Kale kama ada yetu, kahawa inazunguka na haluwa imekwisha mapema kuliko ilivyotazamiwa, akaja kijana mmoja wa mtaani ambaye anasomesha madrasa. Akatoa salamu, akatupa mikono mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi na bahasha mkononi.

"Ami, nimepata mwaliko. Makanisa yamefanya semina ya siku mbili, yasemwa ni ya mazungumzo baina ya dini. Wataka walimu wa madrasa. Nende nisende?"

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akamwambia, "Uliza kwanza kama kuna nauli." Watu wakacheka. Lakini mwengine, mtu wa maneno machache, hakucheka. Akasema, "Mvuvi hamwiti samaki kwa kumpenda."

Kijana akanitazama mimi, na mimi nikatazama kikombe changu. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe hadi Ijumaa." Maana swali lenyewe si dogo. Wakristo wana elimu yao ya dini, wenyewe waiita theolojia, na ndani ya elimu hiyo mna mlango mzima unaohusu wasiokuwa Wakristo: wana hali gani mbele ya Mungu, na Mkristo azungumze nao vipi na kwa kusudi gani. Mlango huo umebadilika sana katika miaka mia hii iliyopita. Ikiwa twaitwa mezani, ni vyema tujue aliyetuita anaamini nini juu yetu hata kabla hatujakaa.

Mtume (S.A.W.) aliwapokea wajumbe wa Najran, Wakristo, katika msikiti wake Madina, wakajadiliana juu ya Nabii Isa (A.S.), na riwaya za sira zasema walipotaka kusali sala yao aliwaacha wasali. Kabla ya hapo, Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alisimama mbele ya Najashi wa Uhabeshi akamsomea katika Sura ya Maryamu, na mfalme yule Mkristo akalia. Yote haya msomaji wangu aliyasikia chuoni, sina haja ya kuyarefusha. Nayataja tu ili asije mtu akadhani mazungumzo baina ya dini yamezuliwa hotelini.

LULU GIZANI

Lililo geni kwa wengi wetu ni lililotokea Baghdad mnamo mwaka 781. Khalifa al-Mahdi, baba yake Harun al-Rashid, alimwita mkuu wa Wakristo wa mashariki, jina lake Timotheo, wakazungumza siku mbili. Khalifa akauliza bila ya kuzunguka: wasemaje juu ya Muhammad? Mkristo yule, ambaye kichwa chake kilikuwa mikononi mwa aliyemuuliza, alijibu kwamba Muhammad alipita katika njia ya manabii, kwa kuwa aliwatoa watu katika masanamu akawaita kwa Mungu mmoja. Hakusema ni Mtume. Alisema alipita njia ya mitume. Tofauti ya maneno hayo mawili ni nyembamba kama uzi, na Khalifa hakuwa mjinga, aliuona uzi huo.

Baadaye Timotheo akatoa mfano. Sote, akasema, tumo katika nyumba ya giza usiku wa manane, na lulu imeanguka baina yetu. Kila mtu apapasa. Mmoja ameipata lulu yenyewe, mwengine ameshika kigae cha gilasi, mwengine jiwe, na kila mmoja afurahi kwamba ya kwake ndiyo lulu. Mwanga utakapotoka ndipo itakapojulikana. Al-Mahdi akamjibu kwamba basi hapa duniani mwenye lulu hajulikani. Timotheo hakukubali moja kwa moja. Alisema ajulikana kwa sehemu, kwa dalili na matendo mema.

Mimi nimeusoma mfano huu mara nyingi na kila mara wanipendeza kwa sababu moja: hakuna hata mmoja wa wawili wale aliyeacha kuamini kwamba lulu iko mkononi mwake. Wala hakuna aliyempiga mwenziwe ili amfunue kiganja.

Huko Ulaya mambo yalikwenda njia nyengine. Kanisa la Roma lilishikilia kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, na Mkutano Mkuu wa Florence ukalitia neno hilo katika hati mwaka 1442 kwa ukali usioacha mlango wazi: asiyekuwa ndani yake, awe mpagani au Myahudi au mwenye kujitenga, mwisho wake ni motoni. Kwa imani kama hiyo hapana mazungumzo. Kuna mahubiri tu, na mahubiri yakishindikana, kuna vita. Tuliokulia chini ya kivuli cha Ngome ya Yesu hatuhitaji kuelezwa imani hiyo ilivyokuwa ikija na mizinga.

WALICHOKISEMA 1965, NA WALICHONYAMAZIA

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 28 Oktoba 1965, pale maaskofu wa Kikatoliki waliokutana Vatikani walipopitisha tamko fupi lijulikanalo kwa Kilatini kama Nostra Aetate. Kura 2,221 zilikubali na 88 zikakataa. Asili yake halikuwa tamko juu yetu. Lilianzwa kwa ajili ya Mayahudi, baada ya mauaji yaliyofanywa na Wanazi katika nchi zilizojiita za Kikristo. Maaskofu wa nchi za Kiarabu wakasema: mkiwataja Mayahudi peke yao tutarudi vipi kwetu? Wataje na Waislamu. Basi siasa nayo ilikuwa na mkono wake, tusijidanganye. Lakini walikuwapo pia wanachuoni walioisoma dini yetu kwa dhati, kama Mfaransa Louis Massignon, aliyefariki mwaka 1962 baada ya kutumia umri wake kumtafiti al-Hallaj wa Baghdad. Athari yake katika tamko lile haina shaka.

Tamko lasema Kanisa lawatazama Waislamu kwa heshima, kwamba wao wamwabudu Mungu mmoja aliye hai, mwenye rehema na uweza, aliyeumba mbingu na ardhi na akasema na wanadamu. Lasema twajihusisha na Nabii Ibrahimu. Kwamba Yesu hatumkubali kuwa Mungu bali twamheshimu kuwa ni nabii, na mamake, Bibi Maryamu, twamtukuza. Kwamba twaingojea siku ya hesabu, twasali, twatoa sadaka, twafunga. Mwisho laomba ya zamani yasahauliwe.

Ukilinganisha na ya 1442, huu ni umbali wa bahari. Hata hivyo, ndugu msomaji, lisome tena. Utaona imani yetu yote imetajwa na kusifiwa, ila Kurani haikutajwa jina, wala Muhammad (S.A.W.) hakutajwa. Ni kama mtu ausifu mnazi, madafu yake na makuti yake na kivuli chake, kisha asiulize ni nani aliyeupanda. Timotheo wa Baghdad, miaka karibu elfu na mia mbili kabla yao, tena mbele ya upanga, alithubutu zaidi.

Nilimweleza jambo hili padri mmoja mzee, mtu wa haki, tuliyekutana mazishini. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Bwana Sheikh, lau tungeandika kwamba yeye ni Mtume wa Mungu, si mngetuambia tumeshasilimu?" Sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo naona ana sehemu ya haki. Shahada si salamu, haitolewi kwa adabu tu.

Baada ya hapo wanachuoni wao waligawanyika. Mjerumani Karl Rahner alisema kwamba mtu mwema asiyekuwa Mkristo, aufuataye wito wa Mungu katika dhamiri yake, huyo ni Mkristo pasipo kujijua. Waislamu wengi walipolisikia neno hili walikasirika: hebu fikiria wakati uko msikitini, umetawadha, umeelekea kibla, na mtu yuko dirishani akuhesabu kuwa ni wake! Lakini ngoja kidogo. Sisi nasi twasema kila mtoto azaliwa katika fitra, na kwamba ni wazazi wake wamfanyao Myahudi au Mnasara. Basi yule mtoto wa jirani aliyebatizwa juzi, sisi tumekwishamhesabu kuwa ni wetu kabla ya padri hajamtia maji. Rahner na mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, katika hili walikuwa wakivuta kamba moja, kila mmoja kwa upande wake.

Akaja Mwingereza John Hick, aliyekuwa akisomesha Birmingham, mji wenye misikiti na mahekalu ya kila namna. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1973 alisema Wakristo waache kudhani kwamba dini yao ndiyo kitovu na nyengine zaizunguka. Kitovu ni Mungu, na dini zote zamzunguka kama sayari na jua. Maneno haya yapendeza masikioni. Ila ukiyafuata hadi mwisho, yamtaka Mkristo aachilie kwamba Yesu ni Mungu, na yamtaka Mwislamu aachilie kwamba Kurani ndiyo neno la mwisho. Mwenye kuniambia tuzungumze baada ya kila mmoja wetu kuiacha dini yake, simuoni tofauti na mwenye kuniambia tuoge baada ya kukausha kisima. Mimi namwona Timotheo na lulu yake kuwa ni mkweli zaidi.

NAIROBI, 1975

Wengi wetu hatujui kwamba moja katika vita vikubwa vya mambo haya lilipiganwa hapa kwetu, katika jumba la mikutano la Kenyatta, Nairobi, kuanzia Novemba 23 hadi Desemba 10 mwaka 1975. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ambalo ni la Waprotestanti na Waorthodoksi, lilifanya mkutano wake mkuu wa tano. Mkutano ule ulikuwa ufanywe Jakarta. Ulihamishwa kwa sababu Waislamu wa Indonesia hawakuridhia, wakiona ni shambulio la kuwabatiza watu wao. Basi mkutano uliokimbia nchi ya Waislamu ukaja kujadili, pamoja na mengine, jinsi ya kuzungumza na Waislamu.

Kwa mara ya kwanza walialikwa wageni wa dini nyengine, akiwemo Mwislamu. Mhindi mmoja Mkristo, Stanley Samartha, ndiye aliyekuwa akiliongoza jambo la mazungumzo katika Baraza lile. Ripoti ilipoletwa mbele ya wajumbe wote, moto ukawaka. Walisimama watu, wengi wao wa kutoka Ulaya, wakasema haya mazungumzo yatachanganya dini na kuisahaulisha kazi ya kuhubiri Injili. Baadhi ya Wakristo wa Asia wakawajibu kwamba nyinyi mwasema hivyo kwa kuwa jirani zenu wote ni Wakristo, sisi twaishi na hawa watu, twazikana nao. Ripoti ikarudishwa, ikaongezwa utangulizi wa kuwatuliza wenye hofu, ndipo ikapita.

Naipenda habari hii kwa kuwa yatufunua jambo ambalo sisi barazani hatulioni. Twapenda kusema "Wakristo wataka hivi", kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kinywa kimoja. Kumbe wenyewe wamo vitani juu ya swali lile lile la yule kijana: hawa tuwaite kwa nini? Kuwapenda, ama kuwavua?

Mwaka uliofuata, Juni 1976, Waislamu na Wakristo walikaa Chambésy, karibu na Geneva, wakazungumza juu ya umisionari na daawa. Hapo lilitoka neno la wazi, tena kwa maandishi: kwamba huduma za shule na hospitali na misaada zimetumiwa vibaya kuwavuta watu dini, na jambo hilo lapasa kukoma. Mimi neno hilo lanihusu. Nilipokuwa darasa la tano nilitiwa katika shule moja ya misheni, siitaji, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na walimu wazuri. Tulikuwa Waislamu sita. Siku moja tukaambiwa asiyeimba kanisani hapati kitabu cha hesabu. Wawili waliimba. Mimi nilikwenda nyumbani nikamwambia baba, na baba, aliyekuwa mchukuzi bandarini asiyejua kusoma ila msahafu, akanitoa kesho yake. Hesabu hadi leo si jamaa yangu. Basi mzee anapomfananisha mwenye kutualika na mvuvi, hatoi maneno hewani.

ZABURI ZA SHEKHE ABDUL AZIZ

Lakini kuna upande mwengine wa habari, nao kwa mtu wa lugha kama mimi ndio mtamu. Biblia ya Kiswahili isomwayo leo Turkana na Kigoma na Bukavu ilipita kwanza mikononi mwa masheikh wa Pwani.

Ludwig Krapf, Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 kwa idhini ya Sayyid Said, alianza mwezi wa Juni mwaka huo huo kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia ni kadhi, Ali bin Mohedin. Mwezi uliofuata Krapf akafiwa na mkewe na mtoto wake mchanga, nao wamezikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kadhi na mmisionari, wamekaa juu ya mkeka mmoja, watafuta neno la Kiswahili la kusemea mwanzo wa mbingu na ardhi! Sidhani yeyote kati yao aliliita jambo lile "mazungumzo baina ya dini".

Unguja naye Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana, alikuwa akizitafuta Zaburi za Nabii Daudi kwa Kiswahili. Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mshairi na mtu wa tarika, ambaye Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy amemweka katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, akajitolea mwenyewe kumfasiria kutoka Kiarabu. Steere ameeleza katika utangulizi wa kitabu chake cha lugha, kilichotoka mwaka 1870, kwamba Kiswahili cha Sheikh kilikuwa kizuri mno. Kizuri hata hakikufaa, kwa kuwa kilikuwa Kiswahili cha wakubwa wa mji, chenye Kiarabu kingi, mtu wa kawaida asingekifahamu. Ikawa hapana budi kuyarahisisha. Na watu hawa wawili ndio waliokuwa wakishindana kwa hoja za dini. Washindana mchana, na jioni mmoja amfasiria mwenzake Zaburi. Nani leo, upande wetu au upande wao, angethubutu?

Ndiyo maana ukiifungua Biblia ya Kiswahili, hata ile ya pamoja iliyotoka mwaka 1952, wajiona uko nyumbani: Taurati, Zaburi, Injili, nabii, mtume, malaika, imani, toba, rehema, dhambi, sadaka. Hata kanisa na msalaba ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Na Mungu ni Mungu. Malaysia waliburutana mahakamani miaka na miaka juu ya kama gazeti la Wakatoliki laweza kumwita Mungu "Allah". Mahakama ikawapa haki mwaka 2009 na mahakama ya rufani ikawanyang'anya mwaka 2013. Sisi kesi hiyo hatukuwa nayo, kwa kuwa neno la Kibantu lilitangulia kutuunganisha.

Ila neno laweza kuunganisha na laweza kuficha. Chukua Utatu. Katekisimu za Kiswahili zasema Mungu mmoja katika nafsi tatu. Mswahili akisikia nafsi tatu asikia watu watatu, na papo hapo akumbuka makatazo ya Kurani, na mazungumzo yamekwisha kabla ya chai. Wenyewe wakieleza kwa lugha zao za asili, Kigiriki na Kilatini, watakwambia hawakusudii watu watatu waliokaa pamoja. Wakusudia uhai mmoja wenye namna tatu za kuwako. Wakristo Waarabu walilijua tatizo hili mapema. Yahya ibn Adi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 974, Mkristo aliyesoma falsafa kwa al-Farabi, alilieleza kwa mfano wa sifa: kama Mungu mmoja anavyosifiwa kwa wema na hekima na uwezo. Je, hoja hiyo yaridhisha? Mimi hainiridhishi. Sifa haizaliwi na Bikira wala haisulubiwi. Lakini sasa angalau nakataa jambo wanaloliamini wao, si jambo nililolizua mimi kwa kusikia neno "nafsi".

Na "Mwana wa Mungu" pia. Kwetu mwana ni mtoto wa kuzaa, na vile vile mwana ni bibi mwenye hishima, kama alivyokuwa Mwana Kupona. Wakristo wenye elimu wakubali kwamba Mungu hakuzaa kwa mwili kama azaavyo kiumbe. Hilo Kurani yalikana na wao walikana. Tunapotengana ni mbele zaidi ya hapo, na ni vyema tutengane pale penye njia panda ya kweli, sio kabla.

Adabu hii haikudumu siku zote. Padri Godfrey Dale wa misheni ya Unguja aliifasiri Kurani yote kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1923, na nyuma akatia maelezo yake ya kuipinga. Tuseme kweli hata ikituchoma: tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili iliandikwa na Mkristo, kwa kusudi la kuwasaidia wahubiri. Masheikh waliamka. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, akaanza tafsiri yake, ingawa alifariki mwaka 1947 bila ya kuimaliza. Na mwaka 1969 ikatoka kamili ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, Kurani Takatifu, ambayo iko katika nyumba nyingi zetu. Farsy hakuficha kwamba Dale alikuwa moja katika sababu zilizomtia kalamu mkononi. Kwa hivyo hata ugomvi wa Dale haukuenda bure, Mungu ana mambo yake.

KALAMU, MAHAKAMA NA BASI

Ya karibuni nayapita haraka. Mwaka 2006 Papa Benedikto wa 16 alinukuu huko Regensburg maneno ya mfalme wa Kirumi ya kumtusi Mtume, ulimwengu ukawaka. Jawabu bora halikuwa kuchoma bendera. Ilikuwa ni barua iliyotiwa sahihi na wanachuoni 138 wa Kiislamu, tarehe 13 Oktoba 2007, jina lake limetolewa katika Aal Imran, ikiwaita Wakristo kwenye neno lililo sawa baina yetu na wao. Mara hii sisi ndio tuliokuwa wenye kualika. Na tarehe 4 Februari 2019, Abu Dhabi, Papa Fransisko na Sheikh Ahmad al-Tayyeb wa al-Azhar walitia sahihi hati ya udugu wa wanadamu, iliyosema kwamba kuwako kwa dini mbalimbali ni katika matakwa ya Mungu kwa hekima yake. Wakatoliki wengine walimjia juu Papa kwa sentensi hiyo. Sisi haikutushtua, tumeizoea katika Sura ya al-Maida.

Lakini hati za Abu Dhabi ziko mbali na Majengo na Likoni. Hapa kwetu mazungumzo yalitiwa kwenye mizani mwaka 2010. Mahakama za makadhi, ambazo zilihifadhiwa katika mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Sultani wa Zanzibar na serikali ya Kenya Mwambao ulipokuwa ukiunganishwa, zilipingwa na viongozi wa makanisa wakitaka zitolewe katika katiba mpya. Na hata Mahakama Kuu mwezi wa Mei ikaamua kwamba zaenda kinyume na nchi isiyofungamana na dini. Maaskofu wale wale waliokuwa wakitutumia salamu za Idi! Kura ilipopigwa Agosti 4 katiba ikapita, na makadhi wamo katika kifungu cha 170. Sikusikia semina yoyote iliyofanywa kabla ya hapo ya kumweleza Mkristo wa kawaida kwamba kadhi hamhukumu asiyekuwa Mwislamu. Hilo ni kosa letu pia. Tulikuwa tukinywa kahawa.

Na tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawavisha wenzao mitandio. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi pale na akafariki mwezi uliofuata. Ndani ya basi lile hapakuwa na mwanatheolojia hata mmoja.

Ijumaa ilipofika nilimwambia yule kijana yote haya, kwa mkato, kisha nikamwambia: nenda. Usiende kushinda, wala usiende kucheka cheka. Nenda ujue waamini nini, na wakikuuliza kitu usichokijua sema hujui.

Alirudi Jumapili usiku. Tukamzunguka. Akasema siku ya kwanza ilikuwa ya hotuba na picha, hakufaidi kitu. Siku ya pili waligawanywa vikundi, yeye akapangwa na mchungaji mmoja wa kike kutoka Taita. Wakaulizana. Mama yule alimuuliza kama kweli madrasa husomesha watoto kwamba Wakristo wote ni maadui. Akamjibu kwamba kwake yeye la, lakini hawezi kuapa kwa ajili ya kila madrasa. Kisha naye akamuuliza, "Nyinyi mkituombea, mwatuombea tuwe wazima, au mwatuombea tuwe Wakristo?"

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alinyamaza kidogo, ami. Kisha akasema, yote mawili."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, hata sisi."

Baraza ikanyamaza. Yule mzee wa nguzoni akajikohoza, akasogea mbele.

"Na nauli je?"

"Ilikuwako."